Karani Aliyebadili Majina Akaziacha Alama

Hakuwa akimwita mtu kwa jina lake. Ukikutana naye njiani, amebeba mwavuli wake mweusi hata siku za jua kali, angekutazama juu ya miwani na kukusalimu kwa kesi yako. "Aa, Mbuzi Aliyekula Mpunga, hujambo?" "Sabalkheri, Talaka ya Mara Mbili." Mzee mmoja mwenye heshima zake, mwenye ndevu nyeupe na kofia ya viua, aliitwa na karani Kumtukana Mkwe kwa miaka mingi, wala hakuwa na la kufanya. Ni kweli alimtukana mkwewe, maneno yenyewe yalikuwa yameandikwa ndani ya kabati la korti, na ufunguo wa kabati hilo ulining'inia kwenye kamba kiunoni mwa karani.

Mimi aliniita Diploma. "Kesi huna bado," aliniambia siku ya kwanza nilipompa mkono baada ya kurudi kutoka Uganda. "Kwa hivyo tutakuita kwa hicho ulichonacho. Lakini usiwe na haraka, tutakupatia."

Sikumpenda mtu huyu. Ninaliandika hilo mapema ili msomaji asije akadhani kwamba namlilia. Watu wengi wa upande wetu sasa humsifu, husema alikuwa mtu wa kwanza pwani ya kusini kuandika kitabu cha hadithi juu ya mambo yaliyotukia kweli, wizi na rushwa na viapo vya uongo, badala ya majini na wana wa wafalme. Ni kweli aliandika. Lakini wanaomsifu hawakukaa naye baraza moja.

Alikuwa karani wa korti ya wazee katika mji mmoja baina ya Diani na Msambweni, ambao sitautaja. Wazee watatu walikaa mezani na kuamua, na yeye alikaa pembeni kwenye kijimeza chenye mguu mmoja mfupi uliotiliwa kigae, akaandika. Wale watatu walibadilika. Mmoja alikufa, mwingine akaenda Hija akarudi hataki tena mambo ya dunia. Karani hakubadilika. Kanzu yake ilikuwa imegeuka manjano upindoni kwa vumbi la barabara, na juu yake alivaa koti la kijivu lenye mifuko minne. Mfuko wa kwanza kalamu ya wino mweusi, wa pili kalamu ya wino mwekundu, wa tatu tambuu, na wa nne hakuna aliyejua, ila kuku.

Nisieleweke vibaya, kuku hakutiwa mfukoni. Mwenye kesi akitaka isikilizwe mwanzo, asubuhi, kabla wazee hawajaanza kusinzia, alifika na kuku amemfunga miguu kwa ukili. Karani hakumtazama mwenye kuku. Alimtazama kuku. Kisha alitoa kikaratasi mfuko wa nne, akaandika tarakimu, akakiweka chini ya kidau cha wino. Asiye na kuku alisubiri mpaka adhuhuri, na pengine mpaka juma la pili. Kuku hao watu waliwaita kuku wa haraka. Mke wa karani aliwafuga uwani, na nakumbuka ua ule ulivyokuwa na kelele, utadhani korti yenyewe imehamia huko.

Sasa mtu huyo ndiye aliyeandika kitabu cha kuwakemea wala rushwa.

Nilimwambia hivyo hivyo, usoni, maana mimi si mtu wa kusema pembeni. Nilikwisha kusoma, nilikwisha kuona miji, na ndimi niliyekuwa mtu wa kwanza kutoka vijiji vyetu kurudi na diploma. Nilikuwa mwalimu mkuu. Nyumba yangu ya Msambweni ilikuwa ya bati na madirisha ya kioo, nikaijenga kwa mshahara wangu. Viatu vyangu vilitoka duka moja na viatu vya Bwana Shauri, mkuu wa wilaya. Niliwaambia watu waziwazi kwamba nimejifikisha mwenyewe, kwa mikono hii iliyofua nazi kwenye kifuo mpaka ikaota sugu. Kwa hiyo sikuona sababu ya kumwogopa karani.

"Wewe unakula kuku wa watu," nilimwambia, "halafu unaandika juu ya wanaokula."

Alikuwa anamimina kahawa kwenye kisahani ipoe. Hakukasirika. "Umesoma sura ya pili?"

"Sijasoma."

"Kasome. Mna karani mmoja humo. Mwizi! Mwenyewe namchukia."

Nikaazima daftari yake, nikaenda nikasoma, kwa hamaki. Ni kweli. Karani wa sura ya pili alikuwa na mwavuli mweusi, koti la mifuko minne na mke mwenye ua uliojaa kuku. Alikuwa mtu mbaya kuliko wote kitabuni, na mcheshi kuliko wote. Nilipomrudia nikamwuliza kama haoni haya kujianika namna ile, akasema, "Niwaandike wote nijiache mimi? Hiyo itakuwa rushwa."

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Ungemkamata mkono, akakubali, na ukajikuta wewe ndiye uliyeshikwa.

Aliandika kwenye daftari za shule, ambazo nina hakika zilitoka katika stoo yangu kwa mlango wa nyuma. Kazi ya korti aliiandika kwa wino mweusi. Jioni kabla ya magharibi alibaki pale pale kwenye kijimeza chake, milango imefungwa isipokuwa mmoja, na kuandika kitabu kwa wino mwekundu. Alikuwa na msemo wake, akautumia kila mahali mpaka ukatuchosha: "Kwa mweusi naandika waliyosema. Kwa mwekundu waliyofanya." Ukimwuliza kwa nini basi asiandike kwa mweusi waliyofanya, alikujibu kwamba hakuajiriwa kwa kazi hiyo.

Kuswali aliswali, safu ya mbele. Kufunga alifunga hata sita za Shawwali. Mtoto yatima akifika kuandikiwa barua hakumtoza kitu, na tena alimpa andazi. Lakini sikupata kumwona akimwonea haya mtu mzima. Alisema watu wazima wote wana jalada.

Ijumaa baada ya alasiri alikuwa na desturi ya kusoma kitabu chake barazani kwa kinyozi. Kinyozi alikuwa na viti viwili na kioo kilichopasuka. Watu walijaa, wengine juu ya magunia, wengine wima barabarani na baiskeli zao. Karani alisoma kwa sauti ile ile aliyosomea hukumu, bila kupanda wala kushuka, na ndiyo iliyowavunja watu mbavu. Mchezo ulikuwa kumtambua mtu. Majina yote aliyabadili, hakubakiza hata moja, na wasikilizaji walishindana kuyafumbua.

"Huyo mwenye punda kilema ni nani? Ni yule wa Galu!"

"Wa Galu gani, wewe! Wa Galu punda wake ni mzima, yeye ndiye kilema!"

Siku moja mtu mmoja alikuwa amekalia kiti, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu ina nywele, karani akafika mahali pa shahidi aliyekodiwa akaapa kwamba alimwona mwizi akipita, kumbe siku hiyo shahidi mwenyewe alikuwa kifungoni Kwale. Yule mtu aliinuka taratibu, akakung'uta nywele, akaondoka. Kinyozi alimfuata na wembe mkononi. "Bwana we! Upande wa pili je?" Hakugeuka. Karani aliinua macho juu ya miwani, akasema, "Kiapo cha Uongo, nenda salama," akaendelea kusoma.

Nilicheka siku ile. Nakiri. Sijakataa kwamba alijua kuchekesha.

Ijumaa iliyofuata hakunichekesha.

Lazima nieleze kitu ambacho mtu wa bara huenda asikijue. Kwetu ardhi ni kitu kimoja na mnazi ni kitu kingine. Mtu anaweza kuwa na shamba na mwenziwe akawa na minazi iliyomo, maana aliyepanda ndiye mwenye mti. Ili watu wasigombane, kila mwenye minazi huikata alama shinani, kimo cha kifua. Mmoja ana msalaba, mwingine mkato mmoja, mwingine mwezi. Alama hiyo hairithiwi kwa karatasi, inarithiwa kwa panga, na mwenyeji wa kwetu huijua kama anavyojua uso. Mkwezi hapandi kabla hajaitazama.

Alama ya mjomba wangu ilikuwa mikato miwili ya kulala, na tundu chini yake.

Mjomba huyu ndiye aliyenilea. Kwa desturi yetu ya zamani, mbali na sheria ya dini, mpwa ndiye hushika mali ya mjomba, na alipokufa, mwaka wa pili baada ya kurudi kwangu, minazi yake ya Mwabungo ikawa yangu, na alama ikawa yangu. Alikuwa mtu wa kuheshimiwa. Alijenga kisima cha msikiti. Alinisomesha.

Ijumaa hiyo karani alisoma sura ya saba. Kulikuwa na bwana mmoja, kitabuni anaitwa Mwinyi Kombo, na jirani yake aliyekufa akaacha mjane na watoto wadogo na minazi kumi na minane. Alama ya marehemu ilikuwa mkato mmoja. Mwinyi Kombo akatamani. Akaitwa korti, akasema minazi ile aliipanda yeye kwenye shamba la marehemu, tazameni, ina alama yangu. Wazee wakaenda kutazama. Wakakuta kila mti una mikato miwili na tundu. Mashahidi wawili wakaapa kwamba alama zile ni za tangu zamani. Mjane akalia, akaambiwa machozi si ushahidi. Na karani wa sura ya pili, yule yule mwenye mwavuli, akasogea karibu na mti mmoja, akaona alichokiona. Mkato wa juu ulikuwa mweusi, umezeeka, umeota ukungu. Mkato wa chini na tundu vilikuwa vyeupe, vikitoka utomvu. Akatazama, akarudi mezani, akaandika kwa wino mweusi: alama zote ni za kale. Juma lile alikula mbuzi.

Kinyozi aliacha wembe hewani. "Mikato miwili na tundu," alisema. "Subiri kwanza. Mikato miwili na tundu? Hiyo mimi naijua, nanunua nazi pale!"

"Kitabuni anaitwa Mwinyi Kombo," karani alisema.

"Anaitwa Mwinyi Kombo, na minazi yake iko Mwabungo."

Kisha baraza nzima ikanitazama mimi. Hakuna aliyecheka. Walitazama viatu vyangu, wakatazama barabara.

Nilimfuata karani kortini asubuhi yake, akiwa peke yake, wala sikubisha hodi.

"Umemvua nguo maiti," nilimwambia.

"Jina nimelibadilisha, Diploma."

"Na alama?"

Sijapata kumwona tena vile. Mtu aliyekuwa na jibu kabla ya swali alikaa akichezea ufunguo wake kiunoni. Kazi yake yote ya miaka mingi ilikuwa kunakili: mbuzi rangi gani, ukuta mikono mingapi, mti una alama ipi. Alijua kwamba majina ni siri, lakini alama aliziandika kama anavyoandika rangi ya mbuzi. Hakufikiri. Mtu aliyekuwa amekulia chini ya minazi hiyo hiyo hakufikiri!

"Lahaula," alisema mwishowe. "Kumbe niliacha mlango wazi."

"Basi ufunge."

"Ufunge wewe," alisema, na hapo uso wake ukarudi. "Si una taipureta?"

Nilikuwa nayo. Niliileta kutoka Kampala, nikaibeba mapajani garimoshi zima, na ilikuwa ndiyo pekee upande wetu isiyokuwa ya serikali. Mpiga chapa wa Mombasa alikuwa amemjibu karani kwamba hapokei daftari za wino, anataka karatasi zilizopigwa taipu. Karani alifungua kabati, akatoa daftari tisa zilizofungwa kwa ukili, ule ule wa kuku, akazitia mikononi mwangu.

"Hakuna nakala nyingine," alisema. "Nenda kapige. Ukifika sura ya saba, weka alama uitakayo. Mimi sitasema kitu."

Fikirini hilo. Adui yangu alinipa kitabu chake chote na kiberiti nilikuwa nacho nyumbani.

Sikukichoma. Mimi ni mtu wa elimu. Nilipiga ukurasa baada ya ukurasa, alasiri baada ya alasiri, nikimrekebishia nukta zake, maana aliandika kama mtu anayekimbizwa, na nikafika sura ya saba nikasimama.

Nilidhani ni kazi ya dakika moja. Toa mikato miwili na tundu, weka kitu kingine. Nikaandika msalaba. Lakini msalaba ni wa ukoo mmoja wa Galu, watu wapole wasioiba hata kuni. Nikaandika mikato mitatu. Hiyo ni ya minazi ya wakfu, ya msikiti, na hapo ningekuwa nimeusingizia msikiti wizi. Nikamwita mkwezi anayenikwelea, mtu wa Mwabungo, nikamwuliza kwa mbali ni alama zipi hazina mwenyewe.

"Mwezi?" nilimwuliza.

"Una mwenyewe, Mwalimu. Wa Ukunda."

"Duara?"

"La bibi mmoja, mjane."

"Panda ya manati?"

Akafikiri. "Hiyo ya mzee wa Chale, lakini minazi yake ilikauka. Unataka kupanda, Mwalimu?"

Kila nilichokiwaza kilikuwa na mtu. Mwisho nikabuni samaki. Hakuna mnazi duniani wenye samaki. Nikasoma sura nzima yenye samaki, nikaona haisimami. Wizi wenyewe ulikuwa katika ule mkato mmoja wa marehemu, kwamba ukiuongezea mwingine na tundu, unakuwa wako. Mkato mmoja haugeuki samaki. Ukibadili alama, hakuna aliyeibiwa, hakuna aliyeiba, na mjane analia bure.

Nikaacha nafasi tupu. Kila ilipofika alama, nilisogeza mashine herufi tano mbele, nikaendelea. Nafasi saba katika sura moja. Karatasi ilionekana kama meno ya mtoto.

Sababu hasa ya kutoweza kuendelea naiweka hapa, maana nimewasema wengine vya kutosha. Mkato wa pili niliukata mimi.

Nilikuwa na miaka kumi na saba, nasubiri jibu la chuo. Mkono wangu ulikuwa mwepesi kwa panga, na mjomba alinituma kazi zote za minazi. Siku hiyo alinipeleka upande wa jirani yetu, ambaye arobaini yake ilikuwa haijatimia, akasema, "Hii tumesahau kuitia alama yetu. Ongeza mkato, mimi nitatoboa." Nikautazama mti. Nikamwuliza, "Mjomba, huu uliopo si wa marehemu?"

Hakupandisha sauti. "Wewe unataka kwenda Kampala au hutaki?"

Nikakata. Yeye alikuja nyuma yangu na patasi. Tuliimaliza yote kabla ya adhuhuri. Mbata za minazi ile ndizo zilizopanda lori kwenda Mombasa, na mimi ndiye niliyepanda garimoshi. Mjane nilimjua. Ni Mesalimu, mama yake Salimu, ambaye mpaka leo hukaa Mwabungo na kusuka makuti ya kuuza, makuti ya minazi ya wengine. Kila nilipopita na baiskeli aliniamkia yeye, mkubwa wangu, kwa sababu ya viatu. "Mwalimu, umeamkaje?" Nami niliitikia.

Nilikaa na karatasi zile muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Katika muda huo karani aliacha kazi. Macho yake yaliingia ukungu, na korti ikachukua kijana wa bara anayeita watu kwa majina yao. Mke wake alikwisha kufa. Binti yake aliyeolewa Bodo alimchukua, na ndiko nilikomkuta mara ya mwisho ninayotaka kuieleza.

Nilikwenda kwa baiskeli, karatasi nimezifunga kwa kitambaa cha mpira. Bodo wanakausha samaki na kukata mikoko, na nyumba ya binti ilikuwa imezungukwa na boriti zilizolazwa. Karani alikuwa kwenye kitanda cha kamba kibarazani, koti lake la mifuko minne amelivaa juu ya msuli. Alikuwa amekonda.

"Shikamoo," nilisema.

"Marahaba. Viatu hivyo navijua. Diploma." Akainua pua. "Umechelewa. Ulisubiri nife?"

"Nilisubiri."

"Angalau husemi uongo. Kaa. Nisomee ya saba."

Sikutaka. Lakini binti yake alikwisha kuniletea kigoda, akaketi naye mlangoni akipaa samaki. Nikasoma. Nilisoma kifo cha jirani, tamaa ya Mwinyi Kombo, kesi. Nikafika nafasi ya kwanza.

"Wazee wakakuta kila mti una..." nikasema.

"Una nini?"

"Pana nafasi tupu."

"Mashine imeharibika?"

"Haijaharibika."

Aligeuza uso upande ambao mimi sikuwapo. "Umejaribu ngapi?"

"Msalaba, mikato mitatu, mwezi, duara, panda. Na samaki."

"Samaki!" Alicheka mpaka akakohoa, na binti akainuka kumshika mgongo. "Mwanangu, umesikia? Kampala nzima, karudi na samaki!"

Nilimchukia wakati ule kama nilivyomchukia siku zote. Nikatoa kalamu. Nikachora kwenye ile nafasi mikato miwili na tundu, nikaenda ya pili, nikachora, mpaka ya saba, yeye akisikiliza mkwaruzo. Kisha nikaendelea kusoma pale nilipoachia: una mikato miwili na tundu. Nikafika mahali karani wa kitabuni anapousogelea mti na kuona mkato mweusi na mkato mweupe. Hapo nikasoma kisichoandikwa.

"Aliyeukata ule mweupe hakuwa Mwinyi Kombo. Alikuwa mpwa wake, kijana mwenye akili, na alijua mti ni wa nani."

Binti aliacha kupaa samaki.

"Hilo sikuliandika," karani alisema.

"Najua."

"Sikulijua." Alinyoosha mkono, nikampa ukurasa. Akapitisha kidole gumba juu ya wino niliouchora, polepole, kama alivyokuwa akipima mihuri. "Wa juu wa marehemu," alisema. "Wa chini wako. Tundu la mjomba wako. Na kuandika kwamba yote ni ya kale, kwangu." Akanirudishia. "Liandike. Kwa wino, usisubiri mashine. Na huyo mpwa mtafutie jina."

"Mpe wewe."

"Mwite Diploma."

Nikaandika. Alinisikiliza mpaka nukta ya mwisho, kisha akaita kwa sauti ile ile ya korti, bila kupanda wala kushuka, "Mwanangu! Mkamatie Mwalimu kuku. Yule mwekundu."

"Wa nini?" niliuliza.

"Wa haraka. Nataka kitabu changu kitangulie. Mpiga chapa ana foleni, mimi sina muda."

Hata pale! Nilimwambia kwamba hana haya, kwamba baada ya sura zote hizo anamhonga mtu mbele ya binti yake. Alitikisa kichwa kukubali kila neno, na wakati huo huo alikuwa akipapasa kamba kiunoni mahali ulipokuwa ufunguo, akatafuta ukili, akampa binti amfunge kuku miguu.

"Mpiga chapa hakimbii," alisema. "Lakini yuko mtu anayepaswa kusomewa kabla yake. Hilo nalo liko katika desturi za korti, mlalamikaji husomewa kwanza. Mjane yule mimi sikumsomea. Niliandika, nikala, nikafunga kabati."

Sikumpa mkono. Nilimtundika kuku kwenye karia ya baiskeli pamoja na karatasi, nikasukuma mpaka barabarani nikapanda, na nyuma yangu nikamsikia akimwambia binti yake, kwa fahari kabisa, "Umemwona? Sasa ana kesi."

Kutoka Bodo mpaka Msambweni kuku alilia njia nzima. Nilifika penye nyumba yangu ya bati na madirisha ya kioo jua likiwa bado juu. Sikushuka. Mwabungo bado ilikuwa mbali, na Mesalimu alikuwa na tabia ya kufunga makuti yake mapema.